Boma Limekamilika

Mama mkwe wangu alikuwa ananisoma kwenye blogu yangu kila asubuhi kabla hata ya kwenda shamba, na katika miaka yote ya ndoa yangu hatukuwahi kutazamana usoni. Mambo hayo mawili yaliishi pamoja bila ugomvi mpaka mama alipochaguliwa kuwa diwani.

Nieleze vizuri. Mimi ni mtu wa visiwa vya humu ziwani, mke wangu ni Msukuma wa ng'ambo ya ziwa, ukishapita Sengerema unaingia barabara ya vumbi na kuendelea mpaka uanze kujiuliza kama umepotea. Kwao ukwe si jambo la mchezo. Mkwe wa kiume akimwona mama mkwe njiani anakata kona na kuingia kwenye mihogo, na mama naye anavuta kanga na kugeukia pembeni. Hawali chombo kimoja, hawapeani mikono, na jina lake mkwe halitamki hata kidogo. Kwetu visiwani tuna heshima zetu, ila hazifiki huko. Nilipooa niliambiwa masharti nikayakubali, na sijawahi kulalamika. Nina kaka zangu ambao mama wakwe wao huwapigia simu kila jioni kuuliza kwa nini watoto wamekonda. Nikiwaangalia nasema kimoyomoyo, akina mke wangu wana akili.

Kulikuwa na vituko vyake. Zamani, kabla ya daraja la ziwani kujengwa, nilijikuta siku moja nimepanda kivuko kimoja naye pale Kigongo. Nilimwona kwenye ngazi, naye akaniona, na kutoka hapo mpaka Busisi, ng'ambo ya pili, nilisimama nimeukodolea macho ukuta wa chumba cha injini kama mtu anayesoma tangazo la kazi. Abiria mmoja aliniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba nina mkwe ndani ya chombo. Akaelewa, akasogea akanikinga na begi lake.

Mawasiliano yetu yote yalipitia kwa mke wangu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ilemela, mtu wa maneno machache na kalamu nyekundu. Mama anamwambia, naye ananiambia, namjibu, naye anampelekea. Alikuwa anajiita posta. Alikuwa anasema kazi ya posta haina likizo wala kupandishwa daraja.

Sasa blogu. Naiandikia dukani kwangu, kwenye duka la steshenari chini ya mawe ya kilima chetu, katikati ya mtu anayetaka nakala ya cheti cha kuzaliwa na mwingine anayetaka picha ya pasipoti. Naandika siasa za mkoa na miradi ya serikali. Leseni ninayo, imebandikwa ukutani karibu na bei za kudurufu. Sipigi kelele wala simtukani mtu. Nikisikia kisima kimezinduliwa, naenda kunywa maji yake. Nikisikia barabara imefunguliwa, napita juu yake na pikipiki yangu, na nikianguka naandika nilipoanguka.

Kinachonipandisha hasira ni maneno. Nimekaa kwenye mikutano mingi mno nikisikiliza watu wazima wakiongea kwa saa nzima bila kusema kitu. Mtu akisema mchakato unaendelea, anamaanisha hakuna kilichofanyika ila tusimuulize. Akisema wadau wameshirikishwa, ujue wadau ni wale wote ambao hawakuulizwa. Na wenzangu wanaoandika blogu, Mungu awasaidie, wanachukua taarifa kama ilivyotoka ofisini, wanaibandikia kichwa cha herufi kubwa, wanatumiana kwenye makundi ya simu, na kufikia mchana habari moja imeshakuwa habari kumi zenye kosa lilelile. Mimi nilijiwekea sharti moja gumu: habari isiyo na jina siichapishi. "Kiongozi mmoja" na "mtendaji fulani" ni watu wa umbea wa saluni. Naandika nani, cheo gani, alisema nini, neno kwa neno. Ndiyo maana ofisi zinanisoma, hata zile zisizonipenda.

Mama mkwe hakuutafuta udiwani. Alichokuwa anatafuta ni zahanati. Shemeji yangu mdogo alizaliwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, njiani kuelekea hospitali ya mjini, na ukoo mzima humtania kwa hilo mpaka leo. Kwenye sherehe lazima mtu amuulize kama anataka kiti au mkokoteni. Mke wangu anasema mama hajawahi kuucheka utani huo hata mara moja. Kila mkutano wa kijiji alisimama kusema jambo hilohilo, kwamba wanawake wa kata yao wanajifungulia barabarani, mpaka watu wakachoka kumsikiliza na kuona rahisi wamchague akaseme kule halmashauri.

Wakaanza kujenga. Wanaume walifyatua matofali na kuyachoma, wanawake wakabeba maji, wenye ng'ombe wakatoa mikokoteni kusomba mchanga. Msaragambo wa kweli. Mama, pamoja na udiwani wake, alibeba ndoo kichwani kama wengine. Kuta zikapanda mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha, na hapo wakasimama, kwa sababu utaratibu wa serikali ndivyo ulivyo: wananchi mnapandisha kuta kwa nguvu zenu, na serikali inakuja kupaua na kumalizia. Jengo likiwa katika hali hiyo, kuta bila paa, milango wala madirisha, linaitwa boma. Kila mwaka kunakuwa na fungu la kumalizia maboma, na kila kata inapigania boma lake liingie.

Mama akasimama kwenye baraza la madiwani, akasema kwa fahari yake yote, "Boma limekamilika."

Alikuwa anasema: sisi tumemaliza zamu yetu, sasa leteni yenu. Kila mama mjane wa kata ile angemwelewa. Lakini taarifa ikapita mezani kwa mtu na kwa mtu mwingine, na katika kupita huko neno boma likadondoka. Ilipotoka, upande wa kata ya mama iliandikwa: zahanati, imekamilika. Kitu kilichokamilika hakihitaji kumaliziwa, kwa hiyo hakikuingia kwenye orodha ya kupauliwa.

Wenzangu hawakuchelewa. ZAHANATI YAKAMILIKA, WANANCHI WAFURAHI. Waliweka na picha ya jengo lenye bati la buluu na maua mbele, ambalo mpaka leo sijui ni la wapi. Mama alianza kupokea pongezi. Mke wangu alikuwa ametoka huko likizo siku chache kabla, na alikuwa ameona kwa macho yake mbuzi wamelala kwenye chumba cha kujifungulia. Alisoma habari ile kwenye simu yake jikoni kwetu, akaiweka simu chini, akaendelea kuchambua dagaa. Nilijua amekasirika, maana alikuwa anatupa na wazima.

Posta ikaleta habari kamili siku zilizofuata. Mama alikwenda ofisini kwa halmashauri kueleza. Walimsikiliza kwa heshima, wakampa kiti na chai. Kisha wakamwambia kwa upole kwamba ni yeye mwenyewe aliyelitangazia baraza kuwa limekamilika, na kwamba kubadilisha sasa kungeonekana diwani alilidanganya baraza. Mtu mpya kwenye kazi, mwanamke, na bado hajamaliza hata mwaka. Wakamshauri asubiri bajeti nyingine. Akarudi nyumbani. Sijui kama waliomshauri walikuwa na nia mbaya, na sidhani. Nadhani walikuwa wavivu wa kusahihisha.

Ila matofali hayasubiri bajeti. Yale yaliunganishwa kwa udongo, na mvua za vuli zilikuwa karibu. Kuta za namna ile zikinyeshewa bila paa hazifiki mbali. Zinalainika kuanzia juu, zinaanza kuinama, na ukirudi baadaye unakuta kichuguu.

Wasomaji wangu nao walikuwa wameshaona. Kila nilipoandika kuhusu kata nyingine mtu alitokea chini kuuliza: mbona ng'ambo huvuki, au daraja umefungiwa peke yako? Walijua mke wangu ametoka wapi. Nikiandika, nimemuumbua mama mkwe. Nikinyamaza, nimembeba. Na sharti langu la majina lilikuwa pale pale, limeandikwa juu kabisa ya blogu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikosa raha kwa kweli. Nilikuwa nawajibu wateja vibaya, na mmoja aliniambia nakala zake nizirudishe mashineni kama zinaniudhi.

Mwisho nilimwambia mke wangu twende. Tukavuka kwa pikipiki, daraja refu na upepo wa ziwa ukimpeperusha mtandio, tukafika kabla jua halijawa kali. Nilianza kupiga picha. Mbuzi walikuwepo. Kwenye kona moja ya juu matofali yalikuwa yameshaanza kuachana kwa mvua za rasharasha tu. Nilikuwa upande wa nyuma nikipiga picha ya kona hiyo niliposikia mke wangu anakohoa kile kikohozi chake, ambacho kwa lugha yetu maana yake ni mkwe. Nikajibanza ukutani. Nikasikia kandambili zikiingia ndani ya jengo, zikapita chumba cha kwanza, zikasimama upande wa pili wa ukuta wangu, chini ya tundu la dirisha.

Mke wangu alisimama mlangoni, pasipo na mlango, mahali ambapo sauti yake ingetufikia wote. Tukaanza kama kawaida. Mama anauliza kama tumesafiri salama. Mwambie tumesafiri salama. Mama anauliza picha ni za nini. Mwambie ni za blogu. Posta ilikwenda hivyo mara kadhaa, kisha mke wangu akasema mwalimu mkuu anampigia, akatoka na simu sikioni akielekea barabarani. Simu ile sikuisikia ikiita, na yeye mpaka leo hajakubali kusema kama iliita.

Tukabaki wawili, mimi nje na yeye ndani. Mbuzi mmoja alikohoa.

"Baba," mama akasema.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hapo ulipo unaniona?"

"Sikuoni, mama. Naona matofali."

"Na mimi naona matofali. Basi hatujakosea mtu."

Nikaketi chini, mgongo ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikisema na mimi, na nilishangaa kuwa ilikuwa sauti ya mke wangu kabisa, imezeeka tu. Akanieleza yote niliyokuwa nimeshayasikia kwa posta, lakini kwa mdomo wake yalikuwa na uzito mwingine. Alisema tangu siku ile amelirudia neno lile kichwani akitafuta alipokosea. Boma ni boma. Alisema boma, hakusema zahanati. Angetaka kusema zahanati angesema zahanati.

Nikamwambia naelewa, na kwamba nitaandika. Nikamwambia nitatafuta namna ya kuliweka jambo kwa upole, bila kumtaja, nitasema labda uongozi wa kata.

Kandambili zikasogea karibu zaidi na ukuta.

"Wewe huandiki watu bila majina," akasema. "Nakusoma kila siku. Ukiandika uongozi wa kata, kule ofisini watacheka, waweke pembeni."

"Jina lako siliwezi, mama."

"Kulitamka huliwezi. Nani kakwambia ulitamke?" Nilisikia akipapasa ukuta kwa kiganja, kama mtu anayejaribu kama umekauka. "Andika kwamba mimi, kwa jina langu, nilisema boma, na boma si zahanati. Atakayesema nimedanganya, aje alale humu siku mvua ikinyesha."

Nilisema ndiyo mama. Kandambili zikaondoka jinsi zilivyokuja, na baada ya muda mke wangu akarudi, simu imeshaingia mkobani, akaniuliza mbona nimekaa chini kwenye mavi ya mbuzi.

Siku ya pili yake nilikaa dukani kuandika. Habari ilitoka yenyewe, picha ya mbuzi juu kabisa. Nilipofika mahali pa jina, vidole vikagoma. Mtu asiye na ukwe wa namna hii atanicheka, na acheke. Kwenye simu yangu mama aliandikwa Ng'ambo. Kwenye kadi ya harusi jina lake waliliandika wao. Sikuwahi kuliandika popote wala kulisema, hata peke yangu, hata kwa kunong'ona. Nilizunguka duka, nikapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Mke wangu alipopita kutoka shule nilimwomba aandike yeye hilo neno moja tu, mengine nitamalizia.

"Posta imefungwa," akasema, akavuta kiti akakaa kuningoja.

Nikaandika herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipomaliza nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Alitazama, akatoa kalamu nyekundu kwa mazoea kisha akairudisha. Mimi ni wa visiwani, r na l kwangu ni ndugu wa tumbo moja. Mwanzoni mwa ndoa nilimwandikia kwamba nimemnunulia karamu mbili za wino, akaja na kanga yake ya sherehe. Sasa nilikuwa nimeliandika jina la mama yake kwa r mahali pa l. Alisema hilo ni jina la mtu mwingine, na kwamba kama ni kuvunja mwiko basi nivunje ule unaohusika. Nikasahihisha. Nikachapisha.

Wenzangu wakainakili kama kawaida yao, kichwa cha herufi kubwa na kila kitu. Nafikiri ni mara pekee niliyowashukuru kwa uvivu wao, maana walinakili na jina, na neno boma, na tofauti yake na zahanati, bila kupunguza herufi. Habari moja ikawa kumi. Ofisini walimwita mama tena. Safari hii, kwa maelezo ya posta ambayo ilikuwa imefunguliwa tena, chai ilikuja na maandazi, na mkubwa mmoja akasema walipitiwa. Walipitiwa! Nililiweka neno hilo kwenye mkusanyiko wangu, jirani na mchakato. Lakini boma likaingia kwenye orodha, na hilo ndilo lililotakiwa.

Upande wa ukoo mambo hayakwenda kimya. Baba mdogo wa mke wangu aliitisha kikao, kwa kuwa jina la mama mkwe lilikuwa limesomwa na watu mpaka Dar kutoka kwenye mkono wa mkwe wake. Nikatozwa mbuzi. Nilikuwa tayari kutoa, nilikuwa nimeshaanza kuulizia kwa wafugaji. Posta ikaja kuniambia nisijisumbue, mbuzi ameshatolewa. Mama alimtoa yeye, kwenye zizi lake, akawaambia wazee kwamba kosa ni la aliyeamuru. Wakamchinja wakamla, na kesi ikaisha.

Jina lile nililiandika siku hiyo moja. Hapa siliandiki, wala la mtu mwingine yeyote, na wanaonifahamu wataona ajabu kwa mtu wa masharti yangu. Lakini hapa sihitaji mtu arekebishe kitu.

Mafundi walikwenda wakati mawingu yameshaanza kukaa upande wa ziwa. Kona iliyoachana ilibidi ibomolewe na kupandishwa upya, kisha zikaja mbao, kisha bati. Milango bado. Madirisha bado. Muuguzi hajapangwa, na hilo nalifuatilia; nimeshaandika mara tatu na nitaandika tena.

Mchana mmoja mvua ilikuja kubwa upande wetu, maji yakishuka kwenye mawe ya kilima mpaka mlangoni mwa duka. Mke wangu alikuwa likizo kwao. Simu ikaita, jina lake, nikapokea nikasema halo, na hakuna aliyejibu. Nikasema halo tena. Kilichokuwepo ni kishindo, kikubwa, kimoja, hakikati, na ilinichukua muda kutambua kuwa ni mvua juu ya bati, na kwamba aliyeishika simu ameinua mkono juu ili nisikie vizuri. Nikaikandamiza simu sikioni. Nilijua ni mkono wa nani. Tulikaa hivyo, yeye kule na mimi huku, mteja wangu mmoja amesimama na cheti chake mkononi akinishangaa kwa nini machozi yananitoka.

Kisha simu ikabadilishwa mkono, na mke wangu akasema kwa sauti ya kushindana na mvua:

"Mama anasema uandike paa limekamilika. Paa tu."